Msiba wa Mkanda wa Nne

Kitu cha kwanza nilichokiona ni maji. Katika mkanda wa tatu wa filamu tishari, meli bapa ya kubebea mizigo, lilikuwa limezama hadi karibu na ukingo wa sitaha, jinsi tishari lililojaa viazi linavyokaa. Katika mkanda wa nne lilikuwa limeinuka, tupu kabisa, ubavu wake wote mweusi uko nje. Katika mkanda wa tano lilikuwa limezama tena. Hakuna mtu aliyepakua wala aliyepakia. Niliona hivyo, nikaendelea kuzungusha mpini.

Kuzungusha mpini ilikuwa kazi yangu Jumanne na Ijumaa, baada ya kupiga deki. Bwana Evert Harmsen alikuwa mfamasia aliyestaafu mapema hapa mjini Zwolle, mke wake alikwisha fariki, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa na mashine ndogo ya mezani ya kutazamia filamu. Mkanda unapita juu ya taa hafifu, picha inatokea kwenye kioo kisichozidi ukubwa wa daftari. Sauti haina. Watu wanafungua midomo na kuifunga, na wewe unakisia. Mikanda ya miaka ile hushika moto kama baruti, kwa hiyo aliiweka katika kibanda cha matofali mwisho wa bustani. Kabla ya kuileta ndani ilinibidi nizime jiko na kufungua madirisha, hata theluji ikiwa inaanguka. Tulitazama tukiwa tumevaa makoti.

Filamu yenyewe iliitwa *Ndugu Watatu, Usukani Mmoja*. Ilitengenezwa mwaka 1936, miaka thelathini na minane kabla ya majira hayo ninayosimulia. Ni kichekesho. Ndugu watatu wamerithi tishari la baba yao, kila mmoja anataka kushika usukani, na kila mmoja, kwa siri, anamtaka binti wa mlinzi wa lango la mfereji. Ilionyeshwa wiki moja. Gazeti moja liliandika kwamba waliocheka walikuwa jamaa wa waigizaji. Kisha vita vikaja, nakala zikapotea, na hapo ndipo watu walipoanza kuitaka.

Nilishangaa sana mwanzoni. Bwana Evert na wenzake wa chama cha wakusanyaji wa filamu za kale wangeweza kutafuta filamu nzuri. Bwana Evert akaniambia, "Nzuri kila mtu anayo, Hilje. Hii hakuna mwingine aliye nayo duniani." Alikuwa na bango lake, limetundikwa ukutani juu ya mashine. Alipewa bango hilo na bawabu wa sinema akiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu baba yake alikuwa mzee wa kanisa na kijana wa nyumba ile hakuruhusiwa kukanyaga sinema. Bango akaliviringisha, akalificha ndani ya mguu wa suruali, akaenda nalo nyumbani akichechemea. Filamu hakuiona. Aliitafuta tangu wakati huo, mpaka mwokaji mikate mmoja wa Meppel alipouza nyumba yake na makopo manane ya mikanda yake yakakutwa darini.

Makopo yalikuwa na kutu, na karatasi za majina zilikuwa zimeliwa na ukungu. Tena kuna mtu zamani alikata vipande vya mwanzo vya kila mkanda, vile vyenye namba, labda avitumie kwenye filamu nyingine. Kwa hiyo ilikuwepo mikanda minane, na hakuna aliyejua upi unatangulia.

Waliipanga Bwana Evert na rafiki yake Toon. Bwana Toon alikuwa dereva wa basi mstaafu kutoka Tilburg, kusini kabisa mwa nchi, Mkatoliki, mtu wa kelele na tumbo, naye alikuwa na mikanda mingi kuliko Bwana Evert ila hakuwa na hii. Hilo lilimkera. Kila alipokuja aliingiza pua ndani ya makopo na kunusa, maana mikanda ikianza kuoza hunuka kama soksi za askari, halafu hulegea, hutoa utomvu, na mwisho huwa unga.

"Nakupa filamu mbili za Marekani na mashine yangu kubwa," alisema. "Unipe hii."

"Nenda zako, Toon."

"Utakufa itabaki kwa nani? Huyu binti ataifungia samaki."

"Afadhali samaki kuliko wewe."

Walipanga kwa kufuata hadithi ya mapenzi. Mkanda wa nane, walisema, bila shaka ni ule wenye sherehe. Ulikuwa umeharibika mwanzoni, mita nyingi zimegandana, lakini baada ya hapo unaona bendera kila mahali, bendi inapiga, watu wanacheza, yule binti amevaa gauni jeupe na ameshika maua, na meya mwenye mkufu kifuani anampa mkono. Harusi. Kichekesho gani kisichoishia kwa harusi?

Taabu ilikuwa mkanda wa nne. Mkanda wa nne ulikuwa msiba. Watu wote wamevaa nguo nyeusi, wanapita kwenye ubao kutoka gatini kuingia kwenye tishari, nyuso zimekaza, na binti wa mlinzi yuko katikati, mweusi kuanzia kofia hadi viatu. Walidhani baba yake amekufa. Lakini katika mkanda wa sita baba yake yuko langoni, anavuta kiko.

"Basi kafa mama," akasema Bwana Toon.

"Mama yake hayupo tangu mwanzo."

"Kafa shangazi."

"Shangazi gani? Hatujaonyeshwa shangazi."

"Ndiyo nakuambia, Evert. Pana mkanda hapo katikati umepotea, na shangazi yumo."

Hata mdogo wa wale ndugu aliwasumbua. Mwisho wa mkanda wa tatu anateleza kwenye ukingo wa tishari, mwanzo wa mkanda wa tano anatiririka maji. Bwana Toon alisema amenyeshewa makaburini.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mashine, mkono kwenye mpini, umbali wa mita moja hivi. Nilikuwa najua. Nilijua tangu mara ya pili tulipoitazama. Sikusema, kwa sababu ningesema nini? Niliacha shule nikiwa na miaka kumi, mama alipofariki na baba akabaki peke yake kwenye tishari letu. Kusoma nasoma, polepole, kidole chini ya mstari. Bwana Evert alikuwa anajua Kilatini cha madawa. Watu wa nchi kavu wakiniuliza kitu, shingo yangu huwa nyekundu hadi masikioni, na neno hunikwama.

Halafu ikaja barua kutoka jumba la makumbusho la filamu. Walikuwa na fedha za kutengeneza nakala mpya ya filamu moja ya kale, moja tu mwaka ule, na filamu tatu zilikuwa zinagombea. Alhamisi angekuja mtu kuuliza swali moja: filamu imekamilika au haikukamilika? Isiyokamilika haichukuliwi. Bwana Evert alinisomea barua hiyo mara mbili, kisha akaenda kibandani. Aliporudi alikuwa ameshika kopo la pili, akanipa nilinuse. Lilinuka.

"Inaanza," alisema. "Mwaka mmoja. Labda miwili. Toon nisingemwambia, lakini wewe nakuambia."

"Na hao wa makumbusho, utawaambia nini?"

"Nitawaambia haikukamilika. Ndiyo kweli yenyewe. Mimi si mtu wa kuuza dawa nusu chupa na kuiita chupa nzima."

Jioni ile nilimweleza baba. Alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha maziwa, anakula viazi vilivyopondwa na karoti, kofia bado iko kichwani. Tishari letu lilikatwa kuwa chuma chakavu mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimwambia habari ya maji, habari ya nguo nyeusi, habari ya gauni jeupe. Akaacha kutafuna.

"Wanasema ule ni msiba?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya kuuza tishari. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Waambie."

"Siwezi, baba."

"Kwa nini?"

"Wamesoma."

Alikula vijiko vitatu vinne kabla ya kujibu. "Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, mto IJssel ulifurika, mimi nina homa, wewe ukaleta tani mia na ishirini kutoka Deventer mpaka Kampen umesimama juu ya sanduku ili uone mbele. Siku hiyo hakuna aliyekuuliza umesoma darasa la ngapi."

"Siku hiyo sikuhitaji kuongea."

"Hilo kweli," akasema baba, akaomba karoti zaidi.

Alhamisi alikuja Bi Akkerman wa makumbusho, mwanamke mrefu mwenye miwani, amebeba mkoba wa ngozi. Bwana Toon naye alikuwepo, hakualikwa, alisema alikuwa anapita tu. Kutoka Tilburg. Nilileta kahawa na biskuti, kila mtu moja, nikafunika mkebe wa biskuti, kama ilivyo desturi yetu. Bwana Toon aliutazama mkebe ulivyokuwa unaondoka.

"Huku kaskazini mtu anaweza kufa njaa mbele ya biskuti," alisema.

"Ndiyo maana sisi tunaona miguu yetu," akajibu Bwana Evert.

Bi Akkerman alitabasamu, akafungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu. Bwana Evert akamweleza kila kitu kwa unyoofu, bango, mwokaji mikate, makopo, msiba usio na maiti. Nilizungusha mpini, wakaona mkanda wa nne. Halafu Bwana Evert akanyoosha mgongo.

"Kwa hiyo, bibi, kwa maoni yangu upo mkanda mmoja umepotea. Haikukamilika."

"Pole sana, Bwana Harmsen. Ninajua umeingoja muda mrefu."

Bwana Evert alikuwa anatazama mikono yake. Bi Akkerman akaanza kuandika, na niliona kalamu ikifanya herufi ya kwanza.

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

Wote watatu waligeuka. Shingo yangu ilikuwa tayari inawaka.

"Umesemaje, binti?" akauliza Bwana Toon.

"Hakuna aliyekufa. Ile ni harusi."

Bwana Toon akacheka. "Evert, mchumba wa ndoo ameanza uhakiki. Binti, harusi ni mkanda wa nane. Huoni gauni jeupe?"

"Nimeliona."

"Basi?"

Hapo neno lilinikwama. Nilitazama kioo, si wao. Kwenye kioo kulikuwa na tishari, na tishari nalifahamu, kwa hiyo niliongea na tishari.

"Bibi arusi wa matishari havai nyeupe," nikasema. "Havai nyeupe miaka ile. Anashonewa gauni jeusi, zuri, kwa sababu atalivaa tena kanisani na kwenye misiba mpaka lichakae. Bibi yangu aliolewa amevaa nyeusi. Wageni nao nyeusi. Na hawacheki, kwa sababu mchungaji anatazama. Huyu hapa ana ua jeupe kwenye kola. Ndugu wa kati. Ndiye bwana arusi."

"Watu wanaovaa ua ni wengi," akasema Bwana Toon, lakini kwa sauti ya chini zaidi.

"Tazama bendera."

"Bendera gani?"

"Ya tezi, hapo nyuma." Nilirudisha mpini taratibu mpaka picha ikasimama. "Imepanda mpaka juu. Kwenye tishari mtu akifa, bendera inashushwa nusu. Hata alipokufa mbwa wa nahodha mmoja, baba aliishusha."

Bi Akkerman alivua miwani, akaishika karibu na kioo kama lenzi, akainama. Alikaa hivyo muda. Ilikuwa bendera ndogo kama ukucha, na ilikuwa juu kabisa ya mlingoti wake. Nadhani wao kila siku walikuwa wanatazama nyuso za watu. Mimi nilikuwa natazama meli.

"Na gauni jeupe?" akauliza Bwana Evert. Hakuniuliza kwa dharau. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayeogopa kutumaini.

"Wanafungua lango jipya la mfereji. Milango imepakwa rangi mpya, na kipande cha utepe bado kinaning'inia. Binti wa mlinzi ndiye anampa meya maua, nani mwingine? Kwa hiyo amevaa gauni la Jumapili. Na tishari siku hiyo limejaa. Limejaa mkanda wa kwanza mpaka huo wa sherehe. Ni katika huu mmoja tu liko tupu, na nyuma yake kuna bomba la moshi la kiwanda cha wanga wa viazi. Wameshafikisha viazi. Safari imeisha, wanaoana." Nikameza mate. "Mkanda wa nne ni wa nane. Mingine yote mmeipanga sawa."

Bwana Toon alikuwa wa kwanza kuinuka. Alitoka mbio hadi kibandani, akarudi na makopo mawili kifuani.

"Wa tatu halafu wa tano," alisema. "Zungusha."

Nilizungusha. Mdogo anateleza kwenye ukingo, mkono unashika hewa, mkanda unaisha. Nikaweka wa tano. Yuko sitahani, anatiririka, na kitu kidogo kinaruka kutoka kwenye kola yake; safari hii tuliona kwamba ni samaki. Bwana Toon alipiga paja.

"Kumbe hakunyeshewa," alisema. "Evert, tumemzika mtu ambaye hajazaliwa. Wazee wawili wazima."

Bwana Evert hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya bango lake. "Bibi," akamwambia Bi Akkerman, "naomba nibadilishe jibu langu."

Bi Akkerman alikata herufi aliyoiandika, akaandika neno jingine. Kisha akaniuliza jina langu, lote. Nilimtajia, akaniuliza kama limeandikwa sawa, akanigeuzia karatasi. Nililisoma polepole. Lilikuwa sawa.

Bwana Toon alisimama mbele yangu akiwa amefunga vifungo vya koti lake, tayari kuondoka. "Miaka ishirini na saba nimeendesha basi," alisema, "hakuna abiria aliyenionyesha njia nikamsikiliza. Nikupe nini?"

"Usinuse tena makopo yake," nikasema.

Alicheka ngazini mpaka mlango wa chini.

Nakala mpya ilikamilika mwaka uliofuata, na ilionyeshwa kwenye mkutano wa mwaka wa wakusanyaji, katika sinema ya Dordrecht. Walikuja watu kama mia mbili, wengine kutoka Ubelgiji. Ndipo niliposikia sauti kwa mara ya kwanza. Ndugu mkubwa, ambaye kwenye kioo chetu alionekana mkali, alikuwa na sauti nyembamba kama ya kuku. Watu walicheka, na si kwa heshima ya wazee. Walicheka kwa sababu ilichekesha. Ilipofika sherehe ya lango, meya alitoa hotuba ndefu kuhusu maji, na hakuna aliyemsikiliza. Ilipofika harusi, tishari likaja kubwa ukutani, tupu, limeinuka, likiwa na rangi yake nyeusi inayong'aa, na watu wetu wakapita kwenye ubao mmoja mmoja, wamevaa vizuri, wamesimama wima. Sijawahi kuona watu wetu wakubwa hivyo. Mtu wa nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Wanaenda kuzika?" Na baba, ambaye alikuwa amekaa kando yangu na suti ya kanisani, akageuka akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Wanaoana, bwana. Subiri."

Baadaye alilalamika njia nzima kwamba mwigizaji alishika usukani kama anayekamua ng'ombe. Lakini alilalamika akiwa amenyoosha shingo, na kwenye treni aliwaeleza watu wawili asiowajua kwamba binti yake ndiye aliyeipanga filamu ile.

Kabla ya hapo, taa zilipowaka, Bwana Evert alikuwa amepanda jukwaani. Aliongea kidogo kuhusu bango na suruali, watu wakacheka. Halafu akasema kwamba wasomi wawili, yeye na rafiki yake, walikuwa wameigeuza filamu kuwa msiba, na kwamba aliyeifufua yuko safu ya sita, na akaniomba nisimame. Bwana Toon aliponiona nasita alininyanyua kwa kunishika kiwiko. Watu mia mbili walinipigia makofi. Mbele kabisa wengine walisimama. Mimi nilisimama labda sekunde tano, nikakaa haraka, nikainamisha kichwa. Bwana Evert aliona hivyo, akainua mkono, akawatuliza, akaendelea na shukrani nyingine.

Aliniambia baadaye kwamba aliwatuliza kwa kunihurumia, kwa sababu anajua nilivyo na haya. Nilimshukuru. Baba naye alisema alifanya vyema. Nikaitikia.

Sikumwambia yeyote, lakini sasa nasema. Haya niliona, ndiyo. Lakini nilipokaa chini na kuinamisha kichwa nilikuwa nasikiliza, na nilitaka wasiache. Nilitaka waendelee kunipigia.